Chungu wamejaa mkoroshoni lakini mbu hawaishi: kuwatambua majimoto na wanaofanana nao

Kila mwaka kuanzia Juni, mikorosho ya Mtwara na Lindi inapotoa machipukizi mapya baada ya mvua kukatika, mimi hupokea lalamiko moja kutoka kwa wakulima wa vijiji mbalimbali. Mkulima ameambiwa kwamba majimoto, wale chungu wanaoshona viota vya majani mtini, ni walinzi wa mkorosho dhidi ya mbu wa mikorosho (si yule aumaye watu, bali mdudu anayefyonza machipukizi), akaacha kupuliza dawa ya wadudu, akawaona chungu kwa macho yake wakipanda na kushuka shinani, na bado machipukizi yanakauka kuanzia nchani kana kwamba yamepitiwa na moto. Mzee mmoja wa upande wa Nanyamba aliniambia, “Bwana shamba, hao majimoto mnaowasifia wamenishinda, wapo, lakini kazi hawafanyi.” Tulikwenda naye shambani asubuhi, tukatazama miti kumi na miwili, na katika mti mmoja tu ndipo tulipowakuta majimoto wenyewe. Miti mingine ilikuwa na chungu wengi kwelikweli, ila walikuwa wa aina nyingine, na mmoja wa aina hizo ndiye adui mkubwa wa majimoto katika pwani yetu.

Kosa hili ni la kawaida na lina gharama, kwa sababu humfanya mtu akate tamaa na ulinzi ambao hajaujaribu, au apulize sumu inayowaua hata majimoto wachache waliosalia. Kwa hiyo nimepanga maelezo haya kwa kufuata dalili jinsi wakulima wanavyozieleza, na katika kila dalili natafuta kwanza jina sahihi la chungu kabla ya kutafuta dawa.

Kwanza mtazame chungu mmoja kwa karibu

Usianze na rangi. Majimoto, ambaye jina lake la kisayansi ni Oecophylla longinoda, anaweza kuwa mwekundu hafifu, kahawia au kahawia iliyokolea hadi kukaribia weusi, na picha nyingi zinazozunguka kwenye simu si zake bali ni za ndugu yake wa Asia na Australia, Oecophylla smaragdina, ambaye katika baadhi ya sehemu za Australia ana tumbo la kijani. Katika jenasi hii, yaani kundi hili la spishi ndugu, ya Afrika ni hiyo moja, kwa hiyo anayetafuta tumbo la kijani katika shamba la Tandahimba anatafuta mdudu asiyekuwepo huku.

Ukubwa nao unapotosha. Ukipasua kiota cha majimoto utakuta vibarua wa aina mbili, wakubwa wenye urefu wa takriban milimita 8 hadi 10 na wadogo wanaokaribia nusu ya hapo, na watu wengi wameniletea hao wadogo katika chupa wakiamini kuwa ni spishi nyingine iliyovamia kiota. Wakubwa hutoka nje, huwinda, hujenga na hupigana. Wadogo hubaki ndani kutunza mayai na mabuu. Wote ni watoto wa malkia mmoja.

Alama ninayoitegemea ni kiuno, yaani sehemu nyembamba inayounganisha kifua na tumbo. Mshike chungu kwa kijiti kilicholoweshwa spiriti, mlaze ubavu juu ya karatasi nyeupe, na mtazame kwa lenzi inayokuza mara 10. Kiuno cha majimoto kina pingili moja tu, ndefu, nyembamba na iliyolala chini bila kunyanyuka kama gamba au nundu. Urefu huo ndio unaomwezesha kukunja tumbo lake juu ya mgongo anapokasirika, na mkao huo utauona hata bila lenzi: miguu mirefu imetanuliwa, taya ziko wazi, tumbo limeinuliwa kuelekea kichwani. Hana mwiba wa kuchoma. Huuma kwa taya, kisha hunyunyizia asidi kwenye jeraha, na ule mwako unaofuata ndio uliompatia jina lake. Ukiona kiuno chenye pingili mbili, unaweza kuacha kumwita majimoto hapo hapo, hata kama ana rangi ile ile na yuko juu ya mkorosho ule ule.

Dalili: chungu ni wengi shinani, lakini juu hakuna kiota cha majani

Hii ndiyo hali niliyoikuta Nanyamba, na ndiyo inayostahili uangalifu mkubwa kuliko zote. Majimoto hawaishi ardhini. Hujenga viota kwa majani mabichi, wakiyavuta kwa pamoja na kuyashona kwa hariri inayotoka kwa mabuu yao wenyewe: kibarua humshika buu mdomoni na kumpeleka huku na huku kati ya kingo za majani kama mshonaji anavyopeleka sindano. Koloni moja huwa na viota vingi vilivyotawanyika juu ya mti mmoja au miti kadhaa inayogusana. Kwa hiyo mti uliojaa chungu usio na hata kiota kimoja cha majani mabichi una chungu wengine, au unapitiwa tu na majimoto wa mti wa jirani.

Sababu inayowezekana zaidi ni Pheidole megacephala, ambaye mimi humwita chungu kichwa-kikubwa ninapofundisha vijijini. Vibarua wake wa kawaida wana urefu wa milimita 2 hivi, na katikati yao hutembea askari wachache wa milimita 3 hadi 4 ambao kichwa chao ni kikubwa mno kuliko mwili na kimegawanyika nyuma mfano wa kopa. Kiuno kina pingili mbili, na papasi, yaani vipapasio vya kichwani, zinaishia na kirungu cha pingili tatu. Hujenga ardhini, hasa kuzunguka shina, na mara nyingi utaona udongo uliofukuliwa, mwepesi kama unga, umelundikana kwenye mizizi na kwenye nyufa za gome. Chungu huyu ni mwindaji pia, lakini kama mlinzi wa machipukizi hafai, kwa kuwa hazunguki ncha za matawi mchana kutwa kama majimoto afanyavyo, na mbaya zaidi, huwashambulia majimoto kwa wingi wake na kuwafukuza mtini. Kwenye minazi ya Zanzibar na ya pwani ya bara ugomvi huu umefuatiliwa na watafiti kwa miaka mingi, na mara kwa mara mnazi alioutawala kichwa-kikubwa umekuwa ndio mnazi unaodondosha vidaka.

Kipimo chake ni rahisi. Asubuhi kabla jua halijawa kali, weka kipande cha dagaa juu ya jani chini ya shina na kingine kwenye panda ya kwanza, kisha rudi baada ya nusu saa. Kichwa-kikubwa watakuwa wamekifunika kipande cha chini kwa mamia, mstari mwembamba ukitokea kwenye udongo, na wale wenye vichwa vikubwa watakuwa wakikata nyama. Majimoto huja wachache, warefu, na hukivuta kipande kizima kuelekea juu.

Anayefuata kwa kushukiwa ni Anoplolepis custodiens, na huyu ndiye anayewakosesha hata watu wenye uzoefu, kwa sababu ni wa nusufamilia moja na majimoto, ana kiuno cha pingili moja, ana miguu mirefu, anatembea kwa kasi na pia hunyunyizia asidi. Tofauti ziko tatu. Pingili ya kiuno chake imesimama wima kama gamba badala ya kulala. Tumbo lake lina vinyweleo vilivyolala kwa mielekeo tofauti na kurudisha mwanga kwa namna tofauti, hivyo ukimgeuza chini ya jua utaona mabaka yanayong'aa na kufifia mfano wa kitambaa cha drafti. Na kiota chake ni tundu ardhini, hasa kwenye mchanga mtupu wenye jua. Katika mashamba ya mchanga ya ukanda wa chini, kuelekea baharini, mimi humtafuta huyu kwanza. Vibarua wake pia hutofautiana sana kwa ukubwa, wadogo hadi wakubwa wakiwa kwenye mstari mmoja, wakati mstari wa majimoto nje ya kiota ni wa wakubwa karibu watupu.

Wa tatu ni chungu wa jenasi ya Crematogaster, wadogo, ambao nao huinua tumbo juu wanapotishwa na kwa ajili hiyo huitwa majimoto wadogo na vijana wengi. Tazama umbo la tumbo: ni la kopa, limechongoka nyuma, na kiuno chake chenye pingili mbili kimeungwa upande wa juu wa tumbo. Viota vyao viko ndani ya vijiti vikavu, au ni madonge meusi kama karatasi ngumu yaliyoshikamana na tawi.

Siafu sihitaji kumwelezea sana. Hupita kwa msafara, hana macho, na kesho hayupo.

Ukishamthibitisha kichwa-kikubwa au Anoplolepis, usimwage sumu ya unga kuzunguka shina, kwa maana sumu hiyo haichagui. Kwenye minazi, watafiti walitumia chambo chenye sumu iitwayo hidramethilinoni ambacho vibarua hukibeba wenyewe hadi kiotani, na anayetaka njia hiyo aulize kwanza kwa mtaalamu kama kuna bidhaa iliyosajiliwa kwa zao lake. Lakini kuna jambo ambalo kila mkulima analiweza bila fedha, nalo ni namna ya kupalilia. Shamba linaloparwa hadi kubaki udongo mtupu mwaka mzima humwondolea kichwa-kikubwa chakula chake cha ardhini na kumlazimisha kupanda mtini, na humtengenezea Anoplolepis ule mchanga wenye jua anaoupenda. Najua kwamba palizi safi inahitajika kwa ajili ya kuokota korosho na kwa ajili ya moto, na sipingi hilo. Ninachoomba ni kwamba majani mafupi yaachwe kati ya mistari mpaka karibu na kuokota.

Dalili: kiota cha majani kipo, lakini chungu waliomo ni weusi

Hapa kuna uwezekano wa aina mbili. Wa kwanza ni kwamba ni majimoto wa rangi iliyokolea, na kiuno kitakuambia. Wa pili ni chungu wa jenasi ya Polyrhachis, ndugu wa majimoto katika nusufamilia ile ile, ambao baadhi ya spishi zao pia hutumia hariri ya mabuu kujengea. Huyu ana miiba. Itafute kwenye kifua na juu ya pingili ya kiuno: kwenye majimoto sehemu hizo ni laini kabisa, kwenye Polyrhachis utaona ncha mbili au zaidi zilizochongoka kama mwiba wa mchongoma. Kiota chake huwa kimechanganywa na takataka na vipande vya majani makavu, na ukikigusa hutoka chungu wachache badala ya jeshi. Hana madhara kwa mkorosho, mwache, lakini usimtegemee.

Kiota kilichokauka na kuwa kahawia hakikupi habari yoyote mpaka ukigonge kwa kijiti. Majimoto huhama majani yanapokauka, na viota vitupu hubaki vikining'inia kwa miezi. Mkulima anayehesabu viota kwa kutazama tu kutoka chini huhesabu pamoja na nyumba ambazo wenyewe wamekwisha kuzihama.

Dalili: majimoto kwenye mbaazi wanaofyonza maganda

Wapo wanaopanda mbaazi kati ya mikorosho, na mara kwa mara mtu huniambia kwamba majimoto wamehamia kwenye mbaazi na wanaziharibu. Majimoto hawafyonzi maganda. Anayefanya hivyo ni mtoto wa kunguni wa jenasi ya Riptortus, ambaye katika umri wake mdogo amefanana na chungu kwa umbo, kwa rangi na hata kwa mwendo wa kusitasita. Mgeuze chali: badala ya taya ana mrija ulionyooka uliolazwa chini ya kifua. Hana pingili ya kiuno, na akikua huota mabawa, akawa kunguni wa kahawia mwenye mapaja ya nyuma manene yenye miiba. Vunjajungu waliotoka kuanguliwa nao hufanana na chungu kwa siku chache, lakini miguu yao ya mbele iliyokunjwa haifichiki, na hao ni wawindaji wenzetu. Pia wapo buibui warukao wanaoishi karibu na majimoto na kuwaiga. Hesabu miguu, utakuta minane, ile ya mbele ikiinuliwa hewani kama papasi, na ukimpuliza atashuka kwa uzi.

Dalili: majimoto ni wa kweli, lakini machipukizi bado yanakauka

Kiuno umekiona, viota vibichi vipo, wanakuuma ipasavyo, na uharibifu unaendelea. Kabla ya kuwalaumu, hakikisha kwanza kwamba aliyeharibu ni mbu. Mbu wa mikorosho, Helopeltis anacardii na nduguye Helopeltis schoutedeni, huacha jeraha refu jeusi kwenye shina la chipukizi na mabaka yenye pembe kwenye majani machanga. Yeye mwenyewe ni mwembamba, ana papasi ndefu kuliko mwili, na mgongoni mwake kumesimama kijiti chembamba chenye kichwa cha mviringo kama pini. Mayai yake hufukiwa ndani ya tishu ya chipukizi, na kwa lenzi utaona nyuzi mbili nyembamba zikichomoza kutoka kila yai. Ukikuta nyuzi hizo, mbu amekaa hapo kwa muda bila kusumbuliwa. Ukikuta unga mweupe wa kijivu kwenye maua, huo ni ubwiriunga, ugonjwa wa ukungu, na hakuna chungu duniani atakayeutibu. Korosho changa zenye madoa yaliyobonyea huelekeza kwa mbu wa minazi, Pseudotheraptus wayi, ambaye alipewa jina hilo mwaka 1955 kwa heshima ya M. J. Way, mtafiti aliyewachunguza majimoto hawa hawa kule Zanzibar.

Ikithibitika kuwa ni mbu, sababu ya kwanza huwa ni uchache. Kiota kimoja hakilindi mkorosho mkubwa. Hesabu matawi makuu, kisha hesabu yale yenye msafara wa majimoto unaoonekana. Mti ambao chini ya nusu ya matawi yake yana msafara bado una milango mingi iliyo wazi. Mara nyingi utakuta uharibifu wote uko upande ule usio na msafara, na kamba iliyofungwa kutoka tawi hadi tawi au mti hadi mti huwasaidia kuvuka bila kushuka chini, ambako kichwa-kikubwa anawasubiri.

Sababu ya pili ni mpaka kati ya koloni mbili. Majimoto wa koloni tofauti ni maadui kama walivyo wa spishi tofauti, na kati yao hubaki miti isiyokaliwa na upande wowote. Chukua vibarua watano kutoka mti mmoja, waweke juu ya msafara wa mti wa pili. Wakigusana papasi na kuendelea na safari, ni ndugu. Wakikamatwa miguu na kuvutwa huku na huku, umesimama mpakani, na miti hiyo ya katikati itahitaji uangalizi wako mwenyewe.

Ya tatu ni dawa ya wadudu iliyopulizwa na jirani siku ya upepo wa kusi. Hili hujulikana kwa majimoto waliokufa chini ya mti wakiwa wametawanyika bila majeraha, tofauti na waliokufa vitani, ambao hukatika miguu na papasi na mara nyingi huwa wameng'ang'aniana.

Dalili: nilihamisha viota, wakakaa miezi michache wakaisha

Kosa hili nimelifanya mwenyewe. Nilikata viota vinane kutoka kwenye mwembe, nikavipeleka kwenye mikorosho minne, na kwa wiki kadhaa niliwaonyesha wakulima misafara mizuri. Kufikia mwanzo wa kuokota hapakuwa na chungu. Nilikuwa nimewaacha malkia na sehemu kubwa ya watoto nyuma, na koloni isiyo na malkia huzeeka na kwisha, kwa sababu mayai yanayotagwa na vibarua hutoa madume tu.

Malkia huwa katika kiota kimoja kati ya vingi, na dalili ya ukaribu wake ni mayai mabichi. Pasua ukingo wa kiota kidogo tu, ukitazama marundo ya chembe nyeupe ndogo zinazobebwa na wale vibarua wadogo. Viota vyenye mabuu makubwa na vifukofuko pekee viko mbali naye. Kama hukumpata, bora usihamishe. Na viota vyote vya mti mmoja vitoke koloni moja, kwa kipimo kile kile cha vibarua watano, la sivyo utawapandisha mtini ili wauane. Fanya kazi hiyo alfajiri wakati wengi wako ndani, tumbukiza kila kiota kwenye mfuko wa salfa uliooshwa na kukaushwa vizuri, funga mdomo wake, na kabla ya kuutundika kwenye mkorosho mpya weka dagaa shinani na usubiri ile nusu saa, uone ni nani atakayekuja kuichukua.